Ngozi ya Morocco, Jasho la Kano: Mafundi Ambao Hakuna Aliyewauliza Majina

Wadau, leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani. Leo tunaongelea pochi. Ndiyo, pochi, mikoba, mikanda, na zile sandozi kali unazoziona Insta zimeandikwa "ngozi halisi ya Morocco", halafu ukiuliza bei unaambiwa njoo inbox.

Hilo neno Morocco ndo nataka tulikamate leo. Ukilifuatilia kwenye historia unakuta kuna watu walifanya kazi nzito ya mikono, kazi inayonuka, kizazi kwa kizazi, mzigo wao ukapendwa mpaka London na New York, lakini kwenye lebo likakaa jina la duka la mwisho. Wao hawapo kabisa. Hata mmoja.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Waingereza wa zamani "morocco" ilikuwa aina ya ngozi. Ilimaanisha ngozi ya mbuzi, laini ila ngumu kuchanika, yenye chembechembe ndogo unazozihisi ukipitisha kidole, na mara nyingi nyekundu. Wafaransa waliiita maroquin, na mpaka leo biashara nzima ya pochi na mikoba kwao inaitwa maroquinerie. Yani duka la pochi pale Paris linabeba jina la Morocco hata kama humo ndani hakuna ngozi ya mbuzi mmoja wa Morocco. Fundi viatu nae wanamwita cordonnier, neno lililotokana na mji wa Córdoba, Hispania, ambao enzi za utawala wa Waislamu ulisifika sana kwa ngozi.

Sasa nisieleweke vibaya na ndugu zetu wa Morocco. Wale watu ngozi wanaijua. Pale Fez kuna mashimo ya Chouara, yale ya rangi rangi unayoyaona kwenye video za watalii, ngozi zinalowekwa kwenye chokaa na kinyesi cha njiwa, na mgeni anapewa majani ya mnanaa ashike puani ili asizimie. Huko Tafilalt nako walitengeneza ngozi ya mbuzi mpaka ikapata jina lake, filali. Hayo ni yao na hakuna anayewanyang'anya.

Ila shehena nyingi za zile ngozi nyekundu zilizouzwa kwenye masoko ya Afrika kaskazini zilikuwa zimeshamaliza kazi zote kabla hazijaiona Sahara. Zilitoka upande wa pili wa jangwa, nchi ya Wahausa, miji kama Kano, Katsina na Sokoto, kaskazini mwa Nigeria ya leo. Zilifungwa kwenye ngamia, Watuareg wakazipitisha Agadez, Ghat, Ghadames, zaidi ya kilomita 2,000 mpaka zikaiona bahari ya Mediterania. Ngozi iliyosindikwa ni mzigo mzuri kwa safari ya hivyo. Ni nyepesi, haivunjiki na haiozi. Ilipofika kule, mnunuzi wa Ulaya alimuona mfanyabiashara wa kaskazini na kulipa hapo hapo. Kano yeye angeijulia wapi?

Sisi wa huku hatuna haja ya kushangaa. Sandarusi iliyochimbwa huku Mrima, bara, ilipitia Unguja, na wenye viwanda vya vanishi Marekani na Ulaya wakaiita ya Zanzibar. Waliochimba chini ya jua hawakuandikwa popote.

Haya, tuingie karakanani, maana hapa ndo penyewe.

Kwanza mbuzi. Kule Sokoto kuna mbuzi mdogo mwekundu-kahawia, na ng'ambo ya mpaka, Niger, wanamwita mbuzi wa Maradi. Nyama yake inaliwa kama ya mbuzi mwingine yeyote, ila ngozi yake ndo dili. Ni nyembamba, imeshikamana, haina unene wa ajabu ajabu huku na wembamba kule. Watu wamefuga mbuzi huyu wakijua kabisa thamani ya kile alichokivaa.

Kwa Kihausa anayesindika ngozi anaitwa majemi, na sehemu anayofanyia kazi ni majema. Anayeikata na kuishona ni mtu mwingine, baduku. Kazi mbili tofauti, na mara nyingi mtoto alizaliwa humo humo, akakua ananusa hiyo harufu na akajua kazi kabla hajabalehe.

Majemi anailoweka ngozi, halafu anaiweka kwenye maji ya majivu ili manyoya yalegee. Ikilegea anailaza juu ya gogo lililoinama, anasimama nalo uso kwa uso na kisu chenye mishikio miwili, anakwangua manyoya upande mmoja, anageuza, anakwangua nyama na mafuta upande wa pili. Ukizidisha nguvu umetoboa. Ukikwangua juu juu, dawa haiingii. Baada ya hapo ngozi inalowekwa tena, safari hii na kinyesi cha njiwa. Najua umekunja uso, ila mle ndani kuna vimeng'enya vinavyoilegeza ngozi mpaka inakuwa laini kama kitambaa. Hakuna aliyewafundisha kemia. Walijua kwa kushika.

Halafu inakuja dawa yenyewe, bagaruwa. Huu ni mti jamii ya migunga, na ndugu zake unawaona ukipita barabarani Dodoma au Kajiado, ile miti ya miiba. Maganda ya mbegu zake yanatwangwa kwenye kinu, yanatiwa maji, na ngozi inazamishwa humo siku kadhaa, inageuzwa na kukandwa, dawa mpya inaongezwa.

Kinachotokea humo unakijua mwenyewe. Umewahi kunywa chai ya rangi iliyokaa na majani muda mrefu mpaka ulimi ukakaza, mdomo ukawa kama umepakwa vumbi? Ule ukali unaitwa tanini. Unashika protini za ulimi wako na kuzikaza. Kwenye ngozi mbichi ni kazi ile ile, ila kwa siku nyingi. Tanini inaingia katikati ya nyuzi za ngozi, inafukuza maji, inazifunga nyuzi pamoja, na kuanzia hapo bakteria hawana cha kula. Kitu kilichotakiwa kuoza ndani ya siku mbili sasa kinaweza kudumu miaka mia tatu.

Rangi nyekundu ilitoka kwenye maganda ya bua la aina fulani ya mtama, karan dafi kwa Kihausa, yakachanganywa na magadi ili rangi itoke vizuri. Fundi aliipaka kwa mkono. Ikikauka, ngozi inapakwa mafuta kidogo, inanyooshwa, inasuguliwa mpaka ing'ae. Mtama, mgunga, majivu, njiwa, magadi. Hakuna hata kimoja kilichotoka ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1851 akaingia Kano Mjerumani mmoja, Heinrich Barth, akiwa kwenye msafara uliogharamiwa na Waingereza. Jamaa alikuwa makini kuliko wasafiri wengi wa wakati ule. Alijifunza lugha za watu na aliandika karibu kila kitu, bei, barabara, nani anauza nini. Alikadiria Kano ina watu kama 30,000, na msimu wa biashara wanafika 60,000 kwa wageni. Kilichomshangaza zaidi kilikuwa nguo za pamba za Kano, ila na ngozi aliiona. Aliandika kuhusu sandozi zilizotengenezwa kwa unadhifu mkubwa na kupelekwa mbali sana, na kuhusu ngozi zilizosindikwa ambazo zilifika mpaka Tripoli.

Lakini angalia, Barth huyu aliyeandika majina ya masultani, wanazuoni, wafanyabiashara, mpaka majina ya ngamia na farasi yasingekushangaza, hakutuachia majina ya mafundi waliozishona zile sandozi. Kwa wakati wake hilo lilikuwa jambo la kawaida. Fundi alikuwa sehemu ya soko, kama kivuli cha mti.

Na tusidhani ni wanaume peke yao. Kwa Watuareg, wale wale waliopitisha mizigo jangwani, kazi ya ngozi ni ya wanawake wa koo za mafundi. Mifuko ya safari, mito, vifuniko vya matandiko ya ngamia, yote yenye nakshi za kukata na kubandika, ni mikono ya kina mama. Ukiona mfuko wa Kituareg kwenye makumbusho ya Ulaya, kibao chake kitakuambia kabila, eneo na karne. Jina la mama, hapana.

Kuelekea mwisho wa karne ya 19 mambo yakageuka kwa namna ya kuchekesha. Biashara kubwa ya jangwani ilikuwa manyoya ya mbuni, kwa ajili ya kofia za wadada wa Ulaya. Fasheni ikashuka, bei ikaanguka, na wafanyabiashara wa Tripoli wakahitaji kitu kingine cha kujaza migongo ya ngamia wanaorudi. Wakashika ngozi za mbuzi za Kano. Zikavuka jangwa, zikapakiwa melini Tripoli, zikaenda New York kwenye viwanda vya viatu. Kwahiyo kuna Mmarekani fulani wa miaka ya 1890 aliyetembea Broadway na ngozi iliyotwangiwa dawa kwenye kinu Kano, na hakuna mtu yeyote kwenye mnyororo ule mzima aliyekuwa na sababu ya kumwambia.

Wakati huo huo London kulikuwa na msiba wa vitabu. Maktaba kubwa ziligundua majalada ya ngozi yanageuka unga mwekundu, ukikishika kitabu mkono unachafuka. Cha ajabu, vitabu vya zamani sana vilikuwa vizima, vilivyooza ni vipya. (Na neno letu jalada lenyewe lina asili ya Kiarabu, kwenye jild, yani ngozi. Kila ukisema jalada umeitaja ngozi bila kujua.) Chama kimoja kikubwa kule, Society of Arts, kikaunda kamati, ikachunguza na kutoa ripoti mwaka 1901. Ikaonekana viwanda vilikuwa vinaharakisha kazi, vinatumia asidi ya salfa ili rangi iwake, vinatumia tanini za bei rahisi, na moshi wa taa za gesi za maktaba ukamalizia.

Mwaka huo huo mjalidi maarufu wa Uingereza, Douglas Cockerell, akatoa kitabu chake cha kufundisha kujalidi. Humo anataja ngozi inayoitwa "Niger", ya mbuzi, kutoka Afrika, na anasema rangi yake ni nzuri sana na imepita majaribio yote waliyoipa bila kuharibika vibaya. Ngozi ya kinu na majivu imevuka mtihani ambao ngozi za viwandani zimefeli! Halafu hapo hapo anaongeza kwamba kwa kuwa ni kazi ya wenyeji, haikuandaliwa kwa uangalifu, ina madoa na makovu, na kwamba ingekuwa vizuri viwanda vikatengeneza ngozi nzuri kama hiyo bila zile kasoro.

Na ilifikaje Uingereza? Anataja kampuni, Royal Niger Company, ndiyo iliyoileta. Kampuni ina jina. Mto una jina. Aliyekwangua, aliyetwanga na aliyepaka rangi ni "wenyeji". Kwa upande wangu hiyo sentensi inauma kuliko matusi, maana huyu Cockerell hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasifia.

Sasa kwa nini leo Kano sio jina kubwa kwenye ngozi kama Italia? Kulikuwa na vitu kadhaa na vilikuja pamoja.

Mwaka 1884 Augustus Schultz alisajili New York njia ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromiamu. Kilichochukua siku nyingi au wiki kwa maganda ya miti sasa kilimalizika haraka sana. Philadelphia, Robert Foerderer akatumia kromiamu kwa ngozi za mbuzi, akaziita Vici Kid na kupiga pesa ndefu. Kiwanda cha namna hiyo hakitaki ngozi iliyokwisha sindikwa Kano. Kinataka ngozi mbichi, kikamilishe chenyewe, na faida ya ujuzi ibaki kwake.

Kisha mwaka 1903 Waingereza wakaiteka Kano. Mwaka 1911 reli ikafika mjini, na mwaka ule ule Italia ikaivamia Tripoli. Njia ya ngamia ikabaki bila maana, mzigo ukageukia kusini, Lagos. Na treni ilibeba nini? Karanga kwa magunia, na ngozi mbichi. Majemi hakufa siku moja, wapo mpaka leo, ila yule mfanyabiashara aliyekuwa anakuja kwake kununua kazi yake sasa alikuwa anampita na kwenda moja kwa moja kwa mchinjaji.

Ukiiangalia hivyo unaelewa kwa nini serikali za huku nazo zinahangaika. Kenya, kwa mfano, imeweka ushuru uliofika asilimia 80 kwa ngozi mbichi zinazotoka nje, ili zisindikwe nyumbani kwanza. Ni kesi ile ile ya mwaka 1911. Na sio kwamba huku hatukuwa na mafundi. Siyu, kisiwani Pate, ilijulikana kwa kazi za ngozi na kwa kunakili misahafu, na makubadhi ya pwani yalishonwa kwa mkono kwa karne nyingi.

Haya, najua kuna watu humu wanataka kujaribu wenyewe, maana siku hizi vijana wanashona pochi nyumbani na kuuza. Nikupe yale yanayotoka moja kwa moja kwenye hii hadithi.

Ukienda kununua kipande, uliza kama kimesindikwa kwa magome na maganda ya miti au kwa kromiamu. Muuzaji asipojua, angalia mwenyewe pale kilipokatwa. Ngozi ya kromiamu mara nyingi katikati ina rangi ya bluu-kijivu. Ngozi ya miti ni kahawia au krimu mpaka ndani. Dondosha tone la maji: ya miti inalinywa na kuwa nyeusi pale, ikikauka inarudi. Kromiamu sio mbaya, inavumilia maji na ni laini kwa mkoba. Ila ukitaka kupiga nakshi, kukunja kona zikae na kung'arisha kingo, unahitaji ya miti. Hapo ndipo utamkumbuka majemi.

Anza na kitu kidogo, pochi ya kadi. Kisu kikali na rula ya chuma, sio mkasi. Toboa matundu kabla ya kushona, yenye umbali sawa, milimita 4 inatosha, kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu. Uzi uwe na urefu kama mara nne ya mstari unaoshona, uupake nta. Na hapa ndo siri: sindano mbili, uzi mmoja, sindano moja kila ncha. Kwenye kila tundu sindano ya kushoto inapita, kisha ya kulia inapita tundu hilo hilo, unavuta pande zote sawasawa. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili zinazoshikana katikati, mmoja ukikatika mwingine unafumuka kama mzaha. Huu wa mkono kila tundu limepitiwa mara mbili, ukikatika sehemu moja kwingine kunashika. Utachukua masaa mawili kwa kitu ambacho cherehani inamaliza dakika tatu. Ndo bei yake inatokea hapo, na mteja akikuuliza kwa nini ghali, mwonyeshe mshono.

Kingo zipige msasa, lowesha kidogo, sugua kwa nguvu na kipande cha jinzi kuukuu mpaka zing'ae. Usipake rangi ya kucha, nimeziona hizo, zinabanduka.

Halafu geuza kazi yako, na upande wa ndani, pale chini ya mfuko wa kadi, chora kwa msharasi jina lako, mji na mwaka. Herufi ndogo tu.

Na kama mtaani kwenu, iwe Arusha, Garissa au Unguja, kuna mzee au mama bado anasindika ngozi kwa mgunga, niambie hapo chini anatumia ganda au gome, na siku ngapi analoweka. Na jina lake, akiridhia.